Kuku anachechemea: namna ya kutunza kidonda cha chini ya muguu nyumbani

Katika parsele nyingi za Bunia, toka Mudzipela mupaka Nyakasanza, toka Lumumba mupaka Saio, kuku ndiyo benki ndogo ya jamaa. Mutoto akifukuzwa masomoni juu ya pesa, mugeni akifika bila kutangaza, ao mugonjwa akikosa pesa ya dawa, jogoo moja linaenda sokoni. Kwa hiyo siku kuku anaanza kuchechemea, si jambo dogo. Kuku mwenye maumivu ya muguu hatembei kutafuta chakula, anafukuzwa na wenzake kwenye sahani, anakonda, anaacha kutaga. Akifikishwa sokoni katika hali hiyo, mununuzi anapunguza bei ao anakataa kabisa.

Mara nyingi sababu ya kuchechemea ni kidonda chenye kimejificha chini ya muguu, pale kwenye wayo. Kikionwa mapema, kinaweza kutunzwa nyumbani na vitu vyenye viko tayari jikoni: maji ya moto kidogo, chumvi, sabuni na kitambaa kisafi. Kikiachwa, kinaingia ndani mupaka kwenye mufupa. Na wenye kuku wengi wanakosea pahali pamoja: wanangoja sana, kisha wanakimbilia wembe ao kapsule za watu.

Kidonda kinaanza namna gani

Chini ya muguu wa kuku kuna sehemu laini, kama mto mudogo, yenye kubeba uzito wote wa mwili. Sehemu hiyo ikikatwa ao ikichubuka, hata kidogo sana, mikrobe wanapata mulango. Mwenye kuonekana mara nyingi ni bakteria yenye jina la kisayansi Staphylococcus aureus. Iko kwenye ngozi ya kuku, kwenye udongo, na hata kwenye pua na ngozi ya watu wazima wenye afya. Haileti shida mupaka ipate jeraha la kuingilia.

Katika muji wa Bunia majeraha hayo yako na sababu zenye kila mutu anazijua. Parsele zinajengwa kila siku, na chini kunabaki misumari, vipande vya manjanja, vigae vya chupa na mawe yenye ncha. Kuku anaruka toka kwenye ukuta ao kwenye muti, anaanguka na uzito wake wote juu ya kitu kigumu. Wakati wa mvua, nyumba ya kuku inajaa matope yaliyochanganyika na mavi, ngozi ya muguu inalainika na kupasuka. Na kati ya mwezi wa kumi na mbili na mwezi wa pili, mvua ikipungua, udongo unakauka na kuwa mugumu kama tofali.

Sababu ingine ni kamba. Kuku wengi wenye kuuzwa Bunia wanatoka vijijini katika Djugu, Irumu ao Mahagi. Wanasafirishwa kwa kinga, kwa piki-piki ao juu ya gari, miguu imefungwa, kichwa chini, saa nyingi. Wakifika kwa mununuzi, wengine wanafungwa tena kamba kwenye muguu moja, siku mbili tatu, ili wazoee parsele mupya. Kamba inakata ngozi, damu inapita vibaya, muguu unavimba. Mwenye kuku anafikiri amenunua kuku mugonjwa, kumbe kidonda kimefanywa njiani ao katika parsele yake mwenyewe.

Alama za kuangalia

Alama ya kwanza ni namna kuku anatembea. Anakanyaga polepole, anasimama kwa muguu moja muda murefu kuliko kawaida, ao anabaki analala wakati wenzake wanachakura. Hapo inaomba kumushika na kugeuza muguu juu.

Mwanzoni, ngozi ya chini ya muguu inakuwa nyekundu, inang'aa, na ukiigusa iko na moto kuliko ule muguu mwingine. Hakuna shimo bado. Baadaye kunatokea kigaga cheusi ao cha rangi ya kahawia katikati ya wayo, na pembeni yake pamevimba. Mwishoni, uvimbe unapita katikati ya vidole ao unapanda juu kufika kwenye kifundo, kuku anakataa kula, na wakati mwingine usaha unatoka wenyewe.

Usaha wa kuku si kama wa mutu. Kwa mutu, usaha ni wa maji-maji, jipu likitoboka unatiririka. Kwa ndege, chembe nyeupe za damu zinakosa dutu fulani ya kuyeyusha usaha, kwa hiyo unakauka na kuwa kitu kigumu cha manjano, kama fromaji. Ndiyo maana kufinya muguu wa kuku hakusaidie. Mwenye kufinya anasukuma mikrobe ndani zaidi na kumuumiza kuku bure.

Si kila kuchechemea ni kidonda hiki

Mbele ya kuanza kutunza, ni vizuri kujua kama ni ugonjwa huu kweli.

Ikiwa kidole kimevimba na chini ya uvimbe kuna mustari kama mutu aliyebana na pete, inafaa kutafuta uzi. Katika parsele penye mama na dada wanasukia nywele, nyuzi za mesh zinabaki chini, zinajizungusha kwenye vidole vya kuku, na kidogo kidogo zinakata nyama. Uzi ukiondolewa polepole kwa makasi madogo na kidonda kikisafishwa, muguu unapona.

Ikiwa magamba ya muguu yameinuka, yamekuwa manene na meupe kama yamepakwa chokaa, ni kidudu kidogo chenye macho hayawezi kuona, chenye kuishi chini ya magamba. Hicho kinaambukiza kuku wengine. Dawa yake ya nyumbani ni kuosha miguu kwa maji ya sabuni, kusugua polepole kwa brosi laini, kukausha, kisha kupaka vazelini ao mafuta ya mawese mupaka kidudu kikose hewa. Inarudiwa mara mbili ao tatu kwa juma, kwa majuma kadhaa, na nyumba ya kuku inasafishwa wakati uleule.

Ikiwa kuna vipele vigumu kwenye kilemba, karibu na macho na kwenye miguu, inaweza kuwa ndui ya kuku. Ikiwa kuku amelala muguu moja mbele na mwingine nyuma, ao shingo imepinda, anaharisha majani-majani na wengine wanakufa kwa haraka, hiyo si shida ya muguu hata kidogo. Newcastle, ugonjwa wenye wengi huita pesti ya kuku, ni kati ya zile zinazofanya hivyo, na haina dawa ya kuponya, iko na chanjo tu. Hapo inaomba kutenga wagonjwa, kuacha kuuza ao kuhamisha kuku, na kumwita muganga wa nyama bila kuchelewa.

Kutunza nyumbani, hatua kwa hatua

Matunzo haya ni kwa kidonda cha mwanzo na cha katikati: wekundu, uvimbe mudogo, ao kigaga kidogo, na kuku angali anakula.

Vitu vya kutayarisha: beseni yenye haitatumiwa tena kwa chakula, maji safi, chumvi, sabuni, kitambaa kisafi, kompresi ao kitambaa kilichochemshwa na kukauka, sparadra, na dawa ya kusafishia kidonda ya rangi ya kahawia, yenye inauzwa farmasini kwa jina la Betadine. Mwenye kutunza avae glavu. Akikosa glavu, aingize mikono ndani ya sashe safi za plastiki.

Kwanza, kumutenga kuku. Awekwe peke yake katika kikapu kikubwa, katoni ao kona ya nyumba, pahali pakavu, na maji na chakula karibu. Kusudi ni muguu upumzike na kuku wengine wasiuchokore.

Pili, kumushika vizuri. Kazi hii ni rahisi jioni, giza likianza kuingia, juu kuku anatulia. Watu wawili wanahitajika. Mumoja anamufunika kuku na kikwembe, mabawa yakiwa ndani, kichwa kikifunikwa kidogo bila kuziba pumzi. Mwingine anashughulika na muguu. Watoto wasifanye kazi hii.

Tatu, kulowesha. Katika litre moja ya maji ya moto kidogo, yenye mutu anaweza kuingiza mukono bila kuungua, inatiwa kijiko kimoja cha kulia cha chumvi. Muguu unabaki ndani dakika 10 mupaka 15. Maji ya chumvi yanalainisha kigaga, yanatoa uchafu na kupunguza uvimbe.

Nne, kusafisha. Muguu unaoshwa kwa sabuni, hata katikati ya vidole, unasuuzwa kwa maji safi, kisha unakaushwa vizuri. Ikiwa kigaga kimelainika na kinatoka chenyewe, kiondolewe na kompresi. Ikiwa kingali kimeshika, kiachwe. Kitatoka siku zinazofuata.

Tano, kupaka dawa na kufunga. Betadine inapakwa juu ya kidonda na pembeni. Pahali pa kukosa Betadine, asali safi, kama ile yenye kutoka porini Mambasa, inaweza kusaidia: inavuta maji toka kwenye kidonda na kuzuia mikrobe kuongezeka. Lakini ni lazima ifunikwe, kama sivyo siafu na inzi watakuja. Juu yake inawekwa kompresi, kisha sparadra inapitishwa katikati ya vidole na kuzunguka muguu. Isikazwe. Kisha nusu saa, vidole viangaliwe: vikiwa baridi ao vimevimba, kufunga kumezidi, ifunguliwe na kufungwa upya.

Sita, kurudia. Siku tatu za kwanza, kulowesha na kubadilisha kompresi kunafanywa kila siku. Uvimbe ukianza kupungua, inaweza kuwa kila kisha siku mbili. Kompresi ikilowa maji ao mavi, ibadilishwe palepale. Kidonda cha mwanzo kinaonesha mabadiliko ndani ya siku chache; chenye kigaga kinaweza kuomba majuma mawili ao matatu. Kuku arudishwe kwa wenzake wakati ngozi imefunga na anakanyaga sawasawa.

Kisha kila matunzo, kompresi chafu zichomwe ao zizikwe, beseni ioshwe na maji ya javel, na mikono ioshwe kwa sabuni. Hili si jambo la kupuuza. Mikrobe huyu anaweza kuingia katika jeraha la mukono wa mutu na kufanya jipu. Akiingia katika chakula kilichoachwa bila kufunikwa, anaweza kutengeneza sumu yenye moto wa jikoni hauiondoe kila mara. Kwa hiyo mutu asitoke kwenye muguu wa kuku na kuenda moja kwa moja kukoroga bugali.

Mambo yenye kuharibu

La kwanza ni wembe. Kuna wenye kukata wayo ili kutoa ule usaha mugumu. Muganga wa nyama anaweza kufanya hivyo, na vyombo visafi na dawa ya kupunguza maumivu. Nyumbani ni hatari: chini ya wayo mishipa ya damu na kano za vidole ziko karibu sana na ngozi. Kuku anaweza kupoteza damu nyingi ao kubaki kilema, na shimo lenye limekatwa linakuwa mulango mupya wa mikrobe.

La pili ni mafuta machafu ya motere, mazuti, asidi ya batri ao jivu la moto. Vitu hivi vinachoma nyama yenye ingali mazima, na sumu yake inaingia mwilini wakati kuku anajisafisha na mudomo.

La tatu, na ndilo lenye kugusa watu wote, ni kapsule. Wengi wananunua tetrasikline ao ampisiline ya watu, wanafungua kapsule moja na kumwaga unga ndani ya maji ya kuku wote. Hakuna mwenye kujua kila kuku amekunywa kiasi gani. Mugonjwa, mwenye hakunywi vizuri, anapata kidogo kuliko wazima. Tena dawa yenye kuingia tumboni inafika kwa shida ndani ya ule usaha mugumu, kwa hiyo kidonda kinabaki palepale.

Historia ya mikrobe huyu inafundisha. Katika mwaka wa 1928, huko London, Alexander Fleming alikuwa anachunguza bakteria za jamii hiyohiyo ya Staphylococcus. Akaona kwamba uvu ulioangukia ndani ya sahani umeziua. Toka hapo ikapatikana penisiline. Mwaka wa 1945, alipopokea tuzo ya Nobel, Fleming mwenyewe alionya kwamba kutumia dawa hiyo kwa kiasi kidogo kisichotosha kunazoesha mikrobe wasife tena. Ilikuwa hivyo. Leo kuna Staphylococcus yenye kupinga dawa nyingi, katika hospitali na katika ufugo vilevile. Kila kapsule yenye kumwagwa ovyo katika maji ya kuku inasaidia mikrobe kujizoeza, na siku mutoto wa parsele ileile anapata jipu, dawa inaweza kukosa nguvu.

Tena kuna mayai. Dawa ya nyama iko na maandishi yanayosema mutu angoje siku ngapi mbele ya kula nyama ao mayai. Kapsule ya watu haina maandishi hayo. Kuku aliyetunzwa kwa chumvi, sabuni na Betadine ya juu ya ngozi tu hana shida hiyo. Mayai yake safi, yakipikwa vizuri, yanaliwa.

Wakati wa kutafuta muganga wa nyama

Inaomba kutafuta veterineri ikiwa uvimbe umepanda kufika kwenye kifundo, ikiwa miguu yote miwili imeharibika, ikiwa kuku amekataa kula siku nzima, ikiwa kidonda kinanuka, ao ikiwa juma moja la matunzo limepita bila mabadiliko. Vilevile, kuku watatu ao wane wakichechemea kwa mara moja, shida si ya muguu moja tena. Ni ya nyumba yao, ya chakula, ao ya ugonjwa wenye kuambukiza.

Huduma ya serikali ya kilimo, uvuvi na ufugo iko na ofisi Bunia, na wafanyakazi wake wako pia katika teritwari. Mwenye kuenda aeleze siku kuchechemea kulianza, kuku wangapi wameguswa, na dawa gani zimekwisha kutolewa, hata kama ni za kuonea haya. Kwa wenye kuishi mbali ao katika njia zisizo na usalama, ni vizuri kutafuta namba ya simu ya muganga wa nyama mapema, wakati kuku wangali wazima.

Kuna wakati mufupa umekwisha kuoza, na kuku anateseka tu. Hapo kumuchinja ni huruma. Lakini kuku aliyekonda, mwenye moto mwilini, ao mwenye usaha umeenea, hafai kuliwa wala kuuzwa. Azikwe chini sana, pahali imbwa hawawezi kufukua.

Kuzuia: kazi ya dakika chache

Siku kuku mupya anapofika parselani, kamba ikatwe palepale. Akae ndani ya kitunga ao chumba kidogo majuma mawili, mbali na wengine. Anazoea pahali bila kufungwa, na ikiwa ameleta ugonjwa, unaonekana mbele ya kuenea. Kwa safari, kitunga chenye matundu ni bora kuliko kamba.

Parsele ifagiliwe na kuokotwa vyuma. Njia rahisi ni kufunga sumaku ya bafle ya zamani kwenye kamba na kuiburuta chini: misumari midogo yenye macho hayakuona inashika yenyewe. Vigae vya chupa vinaokotwa kwa mukono, na pahali pa kusukia nywele panafagiliwa kila mara kazi inapokwisha.

Ndani ya nyumba ya kuku, matandiko yawe makavu. Maranda toka kwa seremala ao maganda ya mupunga yanafaa. Yakilowa yanaondolewa na kutumiwa kama mbolea. Muti wa kulalia uwe laini, usio na vibanzi, upana wake kama vidole vitatu vya mutu, na usiwe juu sana, zaidi kwa kuku wazito wa nyama. Kuku wa kienyeji anaruka vizuri. Yule mwenye kunona anaanguka kama muzigo.

Chakula kiko na sehemu yake. Ngozi ya muguu inaomba vitamini A kwa kubaki nzima. Kuku mwenye kula mahindi meupe ao mihogo peke yake anaikosa, zaidi wakati wa kiangazi, majani yakikauka. Lengalenga, majani ya viazi vitamu ao vipande vya papai lililoiva vinasaidia, na katika parsele nyingi havinunuliwe.

Mwisho, mara moja kwa juma, kwa mufano siku ya posho jioni, kila kuku ashikwe na kugeuzwa miguu juu. Kwa kuku kumi haichukue hata dakika kumi. Mununuzi wa sokoni anafanya vilevile: akimuinua kuku, miguu ndiyo inakuja mbele ya macho yake. Afazali mwenye kuku aione wa kwanza, wakati kidonda kingali kinaomba chumvi na maji tu.